They Vote For You: tovuti iliyonionyesha nani alitaka tume ya kupambana na ufisadi na nani aliikwamisha

Kama unapiga kura Australia, fungua They Vote For You kabla hujasoma kipeperushi chochote cha kampeni. Ninaipendekeza kwa moyo mmoja. Tovuti ni ya bure, kusoma hakuhitaji kujisajili, na kazi yake ni kuonyesha kila mbunge na kila seneta wa Bunge la shirikisho amepiga kura gani, suala kwa suala, mwaka baada ya mwaka. Nimekuwa nikiitumia tangu kampeni za uchaguzi wa Mei 2022, hapa Launceston, jimbo la Bass, kaskazini mwa Tasmania. Suala ninalolifuatilia zaidi ni nani alitaka Australia iwe na tume ya taifa ya kupambana na ufisadi, na nani aliikalia.

Linaniuma kwa sababu nilikulia Mombasa. Desemba 2000 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba KACA, mamlaka ya kupambana na ufisadi iliyokuwa imeanza 1997, ilikuwa inakwenda kinyume na katiba, ikafa pale pale. Agosti 2001 serikali ilipeleka Bungeni mswada wa kubadilisha katiba ili mamlaka hiyo irudi. Zilihitajika kura za asilimia 65 ya wabunge wote, nazo hazikupatikana. Nyumbani kwetu watu wazima walibishana juu ya jambo hilo hadi usiku, huyu akilaumu serikali, yule upinzani, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kwa uhakika mbunge wetu alisimama upande gani siku ile. Rekodi ilikuwa kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na Hansard ilikuwa Nairobi.

Ndiyo maana tovuti hii naiona ni huduma kubwa. Inaendeshwa na OpenAustralia Foundation, shirika la hisani lisilofungamana na chama chochote, na programu yake ilianzia kwenye mradi wa Uingereza uitwao Public Whip. Kura inazichota kwenye rekodi rasmi za Bunge, halafu watu wanakaa na kuandika kwa lugha nyepesi kila kura ilihusu nini. Kazi hiyo ya pili ndiyo ngumu. Ukisoma rekodi ya Bunge ikiwa mbichi utakuta "hoja ya kuondoa maneno yote baada ya neno fulani", na usijue kama ni ya tume, ya kodi au ya samaki.

Ukiingia, unaandika postikodi yako. Nikiandika 7250 ananitokea mbunge wa Bass. Bonyeza jina la mtu, utaona masuala yamepangwa kwa mafungu: yale anayoyaunga mkono kila mara, karibu kila mara, kwa kawaida, yale aliyochanganya, kisha upande wa kupinga kwa ngazi hizo hizo. Chini kabisa yapo yale ambayo kura zake ni chache mno kusema chochote.

Kila suala lina kauli yake, kwa mfano kwamba serikali ya shirikisho iunde tume huru ya kupambana na ufisadi. Tovuti inamchukua mtu wa kufikirika anayeiamini kauli hiyo kikamilifu, ambaye angepiga kura sawasawa na imani yake kila mara, halafu inamlinganisha mbunge wako naye. Kadiri wanavyofanana ndivyo asilimia inavyopanda. Kura iliyotiwa alama kuwa muhimu ina pointi 50, ya kawaida ina 10. Asiyekuwepo kwenye kura muhimu huwekewa 25 katika 50. Asiyekuwepo kwenye ya kawaida huwekewa 1 katika 2, yaani haimuumizi sana wala haimbebi, kwa vile mbunge anaweza kukosekana kwa sababu nyingi. Hesabu yote iko wazi kwenye ukurasa, unaweza kuijumlisha kwa kalamu mezani kwako. Mimi niliijumlisha.

Asilimia za watu siziandiki hapa kwa sababu hubadilika kila kura mpya inapoongezwa. Nitaeleza kura moja, kwani hiyo moja ilinifundisha kuisoma tovuti nzima.

Ni ya tarehe 25 Novemba 2021. Wakati huo serikali ilikuwa ya Scott Morrison. Desemba 2018 serikali yake ilikuwa imeahidi kuunda tume ya uadilifu, na Novemba 2020 ikatoa rasimu ya mswada. Rasimu hiyo haikuwasilishwa Bungeni hata siku moja. Helen Haines, mbunge huru wa jimbo la Indi huko Victoria, alikuwa na mswada wake mwenyewe, ambao aliuleta mara ya kwanza Oktoba 2020, lakini mswada wa mbunge binafsi haujadiliwi mpaka serikali itoe nafasi, na serikali haikutoa. Siku ile Haines aliomba kanuni za Bunge zisimamishwe ili mswada ujadiliwe. Aliyeinuka kumuunga mkono ni Bridget Archer, mbunge wa Bass, wa chama cha Liberal, chama cha waziri mkuu mwenyewe. Mbunge wangu.

Kura ya namna hii Canberra hupigwa kwa miili. Kengele hulia dakika 4 jengo zima, milango hufungwa, kisha wanaosema ndiyo huketi kulia kwa Spika na wanaosema la huketi kushoto. Hakuna pa kujificha. Archer aliwaacha wenzake akaenda kukaa na upinzani. Matokeo: 66 ndiyo, 64 la. Ndiyo ilishinda, na hoja ikaanguka. Kusimamisha kanuni namna ile kulihitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote 151, maana yake 76, na wengi siku hizo hawakuwepo ukumbini kwa sababu ya masharti ya korona. Baada ya hapo Archer alichukuliwa kwenda kukutana na waziri mkuu ofisini, na baadaye akasema hadharani kwamba hakuutaka mkutano ule wakati ule.

Ukurasa wa kura hiyo una majina yote 130. Unayasoma jina moja baada ya jingine na chama kimeandikwa pembeni, na waliokwenda kinyume na wengi wa chama chao wametengwa waonekane. Upande wa Liberal, jina la Archer liko peke yake. Habari ile nilikuwa nimeisikia redioni, lakini kuiona katika orodha, pamoja na wote 64 waliosema la, ni jambo jingine kabisa.

Sasa, wapo wanaoilalamikia tovuti kwa kura kama hii. Hoja yao ni kwamba ile ilikuwa kura ya utaratibu tu: kukataa kusimamisha kanuni hakumaanishi mtu anapinga tume, na si haki kumwekea alama ya kupinga. Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu kwa haraka linasikika kuwa na maana. Jibu langu ni kwamba kwa miaka yote ile serikali haikuleta mswada wowote ambao mbunge angeweza kuupigia kura ya ndiyo. Mlango pekee uliokuwepo ni wa utaratibu. Mtu akikataa kila mara suala lijadiliwe, kisha akaandika kwenye kipeperushi chake kwamba anaunga mkono uadilifu, mpiga kura ana haki ya kuyaona yote mawili. Tovuti haimwiti mtu fisadi. Inasema alipiga kura hii, tarehe hii, na inakupa maelezo ya kura yenyewe ili uamue.

Kosa liko kwa msomaji anayeishia kwenye asilimia. Asilimia ni mlango, ingia ndani. Bonyeza kura moja moja usome ilihusu nini: ipi ilikuwa ya mswada wenyewe, ipi ya kusimamisha kanuni, ipi ya kulaumu serikali kwa kuchelewa. Wabunge wawili wenye asilimia zinazokaribiana wanaweza kuwa wamezipata kwa njia tofauti kabisa, mmoja kwa kusimama wazi siku nzito, mwingine kwa kukosekana mara nyingi.

Katika wiki za mwisho kabla ya uchaguzi wa 2022, jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyetoka Uvira, Kongo, alikuja kwangu na rundo la vipeperushi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura akiwa raia, na hapa kupiga kura ni lazima, usipokwenda bila sababu unatozwa faini. Akavimwaga mezani. "Binti yangu," akaniambia, "bote banasema banachukia rushwa. Sasa nani anasema bongo?" Kwa Kiswahili chao, bongo ni uongo. Tukafungua simu. Nilimsomea Kiingereza nikimgeuzia Kiswahili, naye akaweka kidole kwenye jina la Archer katika orodha ya tarehe 25 Novemba, akakiacha hapo akiuliza: huyu ni wa chama gani, na hawa wote wa chama chake walikuwa wapi? Alitaka nimsomee majina ya upande wa pili yote. Nikamsomea. "Haya, Mama," nikamwambia, "sasa ni kazi yako." Alimpigia nani sijui, na sikumuuliza. Mimi pia yangu nitaiacha ndani ya sanduku.

Kwa kura za hapa tovuti inafaa zaidi kuliko unavyodhani, kwa kuwa kwenye karatasi ya Baraza la Wawakilishi hatuweki alama moja tukaenda zetu. Tunapanga wagombea wote kwa namba, 1, 2, 3 mpaka wa mwisho. Wengi wanajua wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati wanawapanga kwa kufuata kadi waliyopewa mlangoni na watu wa chama, na mpangilio huo wa katikati ndio mara nyingi unaoamua jimbo dogo la kugombaniwa kama Bass. Hapo ndipo penye upungufu wa kwanza pia: tovuti inamjua tu aliyewahi kukaa Bungeni. Mgombea mpya hana rekodi. Unachoweza kufanya ni kutazama chama chake kimepiga kura vipi.

Kwa chama cha Labor kutazama chama kunatosha karibu kabisa. Wabunge wa Labor wamefungwa kufuata uamuzi wa chama, na anayekiuka anaweza kufukuzwa. Seneta Fatima Payman wa Australia Magharibi alipiga kura kinyume na chama Juni 2024 kuhusu Palestina, akasimamishwa kwenye vikao vya chama, na mwanzoni mwa Julai akahama. Kwa hiyo ukilinganisha wabunge wawili wa Labor kuhusu tume ya ufisadi utaona picha ileile, tofauti ni siku gani kila mmoja alikosekana. Liberal wana uhuru zaidi kwa kanuni zao, lakini orodha ile ya Novemba 2021 inaonyesha uhuru huo hutumiwa mara ngapi. Wabunge huru ndio wanaopendeza kuwalinganisha, kwa sababu kila kura ni uamuzi wao.

Upungufu wa pili ni mkubwa, na tovuti yenyewe haiufichi. Inahesabu kura za mgawanyiko peke yake, zile za kengele na kuhama viti. Mambo mengi Bungeni hupitishwa kwa sauti: Spika anauliza, wanaitikia, anatangaza, na hakuna jina linaloandikwa. Mambo mengine huamuliwa kwenye vikao vya chama, milango ikiwa imefungwa. Rasimu ya serikali ya 2020, ambayo ilikufa bila kufika Bungeni, haina ukurasa wa kura, kwani haikupigiwa kura. Jambo lililokwamisha tume kwa muda mrefu kuliko yote ni ukimya, na ukimya hauna orodha ya majina. Kwa hilo itakubidi usome magazeti.

Tatu ni kukosekana. Wabunge hapa hupangana wawili wawili, mmoja wa serikali na mmoja wa upinzani, wote wasipige kura, ili mmoja akienda matibabu au safari ya kazi hesabu isiyumbe. Mwenye kusoma haraka atamwona mtu kama mkwepaji kumbe alikuwa wodini. Ukiona mtu hayupo kwenye kura kubwa, angalia kwanza kama hakuwepo siku nzima au alikosekana kwenye kura ile moja tu. Tarehe zipo, inawezekana kuangalia.

Nne, yote ni Kiingereza, na ni Kiingereza cha Bunge japo kimelainishwa. Watu wetu wa Kongo, Burundi na Tanzania walio hapa, hasa wazazi, watahitaji kijana wa kuwasomea. Ningefurahi mno kuona angalau maelezo ya jinsi ya kusoma ukurasa yakitafsiriwa kwa Kiswahili. Nipo tayari kusaidia.

Baada ya uchaguzi wa 2022 serikali ilibadilika, Labor wakaingia, na hapo tovuti ilinisaidia kuona jambo ambalo kampeni zilinificha. Mwanasheria mkuu mpya, Mark Dreyfus, aliwasilisha mswada wa tume Septemba 2022. Bunge lilikamilisha kuupitisha tarehe 30 Novemba, na tume ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2023 chini ya Paul Brereton. Kwa anayetazama kauli ya "kuunda tume" peke yake, Labor wamefanya walichoahidi, na wanastahili sifa kwa hilo. Lakini mswada ulisema vikao vya hadhara vitafanyika tu katika mazingira ya kipekee. Haines na wabunge wengine huru walitaka maneno hayo yaondolewe. Hawakufanikiwa, kwa sababu serikali ya Labor na upinzani wa Liberal na National walisimama pamoja kuyalinda. Vyama vilivyogombana miaka kadhaa juu ya kuwepo kwa tume vilikubaliana haraka kwamba mashahidi wasikilizwe faraghani.

Hilo huwezi kuliona ukiangalia suala moja. Kuunda tume ni jambo moja, tume itakuwa na meno gani ni jingine. Uzito wake ulionekana Juni 2024, tume ilipotangaza kwamba haitachunguza watu 6 waliopelekwa kwake na tume ya uchunguzi wa Robodebt, ule mpango wa serikali wa kudai watu wa kipato cha chini madeni ambayo hayakuwa halali. Mkaguzi wa tume alichunguza uamuzi huo na kumkosoa Brereton mwenyewe kwa jinsi alivyoshughulikia mgongano wa maslahi, na mwanzoni mwa 2025 uamuzi uligeuzwa, uchunguzi ukafunguliwa. Wazee wawili ninaowahudumia kwenye nyumba ya wazee watoto wao walipata barua za Robodebt. Walipouliza kilichoendelea, sikuwa na la kuwaonyesha, kwa kuwa yote yalikuwa yakifanyika ndani.

Mei 2025 Archer alishindwa na Jess Teesdale wa Labor. Rekodi yake haikumwokoa. Bass ina tabia ya kubadilisha wabunge, na mwaka ule chama chake kilipigwa nchi nzima. Sioni kama hilo linapunguza thamani ya ile kura ya Novemba 2021, na nimefurahi kwamba ukurasa wake umebaki pale pale, pamoja na wa wote walioondoka. Teesdale naye akaanza kujaza wake.

Kwa nyumbani Kenya, tovuti ya Mzalendo imekuwa ikifuatilia Bunge tangu 2005, tangu Ory Okolloh na Conrad Akunga walipoianzisha, na ni msaada mkubwa kujua mbunge wako amesema nini na amesema mara ngapi. Ninachokitamani juu ya hapo ni hiki cha Australia: suala moja, kauli moja, majina yote, na ukurasa mmoja mmoja wa kila kura nyuma yake. Kura za kubadilisha katiba huhesabiwa kwa majina, kwa hiyo mtu angeweza kuanza hata na ile ya Agosti 2001, kisha aendelee na sheria ya 2003 iliyounda KACC, tume iliyofuata KACA, na ile ya 2011 iliyounda EACC, iliyochukua nafasi ya KACC, aseme wapi majina yapo na wapi zilipitishwa kwa sauti tu. Wengi wa waliokuwemo 2001 walirudi kuomba kura baadaye, katika vyama vingine na kwa rangi nyingine.

Ninaipa nyota 4 katika 5. Ile ya tano naizuia kwa sababu ya lugha na kwa sababu tofauti kati ya kura ya mswada na kura ya utaratibu ingefaa ionekane pale pale penye asilimia, msomaji asilazimike kuchimba. Ukiingia mara ya kwanza, usianze na mbunge wako, maana utaanza kumtetea au kumshambulia. Anza na suala la tume ya ufisadi, tafuta kura ya tarehe 25 Novemba 2021, soma majina yote 130, halafu ndipo uandike postikodi yako.